Hakuna anayepanda chai kwa shamba la msimu mmoja

Kila mwaka Machi ikifika, mawingu yakianza kujikusanya kule kwetu Konoin, simu yangu huita. Ni mama. Atauliza habari ya kazi, atauliza kama nimekula, halafu atanyamaza kidogo. Hapo najua kinachofuata. "Sasa mwanangu, msimu ndio huo. Mbolea je?"

Kama wewe ni mtoto wa Bomet au Kericho na unaishi Nairobi, Nakuru au hata pale Kericho mjini, simu hii unaijua. Unatuma pesa, unafunga mkanda hadi mwisho wa mwezi, kisha mwisho wa mwaka unaambiwa mahindi yalitoka magunia mawili na nusu. Hata ugali wake hujauonja.

Leo nataka tuongee ukweli kuhusu pesa hiyo, na kuhusu mmea mmoja unaoitwa desmodiamu. Lakini tusidanganyane mapema: hoja yangu si mmea. Hoja yangu ni ardhi, nani anapewa, na kwa muda gani. Tutafika huko.

Chai mbele, mahindi nyuma

Watu wakisikia Kericho na Bomet wanaona chai tu, ile kijani ya picha za kalenda. Wasichoona ni nyuma ya nyumba. Katika boma nyingi za wakulima wadogo, chai ndiyo hupewa shamba zuri, na mahindi hubanwa kwenye kipande kilichobaki kuelekea mtoni. Chai hulipa karo, lakini kipande kile ndicho hutia unga jikoni. Bonasi ikija ndogo, na sisi wa magharibi mwa Bonde la Ufa tumezoea kulipwa chini kuliko wenzetu wa upande wa Mlima Kenya, kipande cha mahindi ndicho huamua kama nyumba italala imeshiba.

Na kipande hicho tumekichosha. Mahindi juu ya mahindi, mwaka baada ya mwaka.

Wengi wa rika langu tunakumbuka kilichotokea. Septemba 2011, hapo Longisa, Bomet, ndipo ugonjwa wa mahindi unaojulikana kwa herufi MLN uliporipotiwa mara ya kwanza nchini Kenya. Ni virusi viwili vinavyokutana ndani ya mmea mmoja na kuumaliza. Kufikia 2012 ulikuwa umeenea sehemu nyingi za Bonde la Ufa. Nilikuwa shule ya msingi. Kogo, nyanya yangu, alisimama katikati ya shamba, akashika jani lililokuwa limegeuka manjano, akasema, "Mahindi ya siku hizi yanazeeka kabla ya kuzaa." Mwaka huo tulikula viazi mpaka tukavichukia. Wakulima walishauriwa waache mahindi kwa muda, wapande mazao mengine. Wengi walirudi kwenye mahindi mara tu walipoona jirani amerudi.

Halafu 2017 wakaja viwavijeshi, wale waliovuka bahari kutoka Amerika. Halafu 2022 bei ya mfuko wa kilo 50 wa mbolea ya kupandia ikapita Sh6,000. Serikali ikaleta ya bei nafuu, Sh3,500 kwanza, kisha Sh2,500 mwaka uliofuata. Tukashukuru. Halafu 2024 tukasikia baadhi ya mifuko iliyouziwa wakulima ilikuwa feki. Fikiria mama yako amepanga foleni tangu alfajiri, amepanda boda na mfuko mgongoni, kumbe amebeba udongo.

Ndiyo maana nasema tuongee.

Sukuma huku, vuta kule

Ukipita Thika Road karibu na Kasarani, uko jirani na mahali panapoitwa Duduville. Ni makao makuu ya icipe, kituo cha utafiti wa wadudu kilichoanzishwa 1970 na Mkenya, Profesa Thomas Odhiambo. Miaka ya 1990 wanasayansi wa kituo hicho, wakiwa na wenzao wa Rothamsted, Uingereza, na wa taasisi yetu ya utafiti wa kilimo, walianza kazi yao kule Mbita kando ya Ziwa Victoria. Walichotoa kinaitwa Vuta-Sukuma.

Ni rahisi kueleza. Unapanda mahindi yako kwa mistari kama kawaida. Katikati ya mistari unapanda desmodiamu, mmea wa jamii ya mikunde unaotambaa, ambao ng'ombe wanaupenda sana. Kuzunguka shamba lote unapanda mistari mitatu ya nepia au nyasi ya brakiaria. Nondo wa bungua, wale funza wanaotoboa bua, huvutwa na nepia na kwenda kutaga huko. Funza wakianguliwa, nepia hutoa utomvu unaonata na wengi hufa. Huko ndani ya shamba, desmodiamu inawafanya wadudu wasipende mahindi yako. Wanasayansi bado wanabishana kama ni harufu yake inayowafukuza au ni vinyweleo vyake vinavyowanasa na kuwaua. Wao wabishane. Mkulima anachoona ni bua lisilo na tundu.

Na viwavijeshi? Utafiti wa icipe uliochapishwa 2018, uliofanywa kwenye mashamba ya wakulima Kenya, Uganda na Tanzania, ulikuta viwavi kwenye mahindi ya Vuta-Sukuma wamepungua kwa zaidi ya asilimia 80 wakilinganishwa na mahindi yaliyopandwa peke yake.

Kuna zaidi. Mizizi ya desmodiamu ina vinundu ambamo bakteria huchukua naitrojeni ya hewani na kuigeuza chakula cha mmea. Naitrojeni hiyo hiyo ndiyo unayolipia dukani ikiwa ndani ya mfuko. Majani yake yanafunika udongo, magugu yanakosa jua, na mvua yetu ya Bomet, ile inayonyesha kama imetumwa, haibebi udongo wote kwenda mtoni. Ukikata, una lishe yenye protini nyingi kwa ng'ombe. Na wewe unajua bei ya chakula cha ng'ombe cha dukani.

Hiki ndicho watu wanaita kilimo hai. Si kile cha mboga za bei ya juu kwenye masoko ya watu wa Karen. Nchi za Afrika Mashariki zina kiwango chao cha kilimo hai tangu 2007, na alama yake inaitwa Kilimohai. Lakini kabla ya alama na soko, kilimo hai ni hesabu ya jikoni: nini kinatoka shambani, nini kinarudi.

Nisikupige sound

Sasa, sitaki uende ocha wikendi hii kumhubiria mama kama umegundua dawa ya kila kitu. Kuna mambo lazima usemwe ukweli wake.

Kwanza, desmodiamu si tiba ya MLN. Ugonjwa ule unataka mbegu inayostahimili na kubadilisha mazao. Asikudanganye mtu.

Pili, udongo wetu ni wa tindikali. Chai inaupenda hivyo hivyo. Mazao mengine hapana. Luseni, ambayo wengi huona kwenye video za wafugaji, itakutesa huku. Desmodiamu inavumilia zaidi, lakini hata yenyewe itafanya vizuri ukiweka chokaa ya kilimo na fosfeti. Fosfeti ya mawe kama ile inayochimbwa Minjingu, Tanzania, ikiwa katika hali yake ya asili, haikataliwi na kilimo hai. Pima udongo kwanza.

Tatu, ukikata desmodiamu ukampa ng'ombe, ukauza maziwa, na mbolea ya zizi ukaiacha ikimwagika hovyo nyuma ya banda, umetoa rutuba shambani na hujarudisha chochote. Baada ya miaka michache utakuwa pale pale ulipoanza. Samadi lazima irudi kwenye mahindi. Bila hivyo, hiyo ni kuvuna tu kwa jina zuri.

Nne, na hili ndilo mama aliniambia usoni: "Hapo katikati ya mahindi ndipo mimi hupanda maharagwe. Watoto watakula desmodiamu?" Sikuwa na jibu siku hiyo. Jibu lipo. Maharagwe yanaweza kupandwa kwenye mstari ule ule wa mahindi, katikati ya shina na shina au hata shimo moja na mahindi. Desmodiamu inabaki na nafasi yake kati ya mistari. Lakini alikuwa na haki ya kuuliza. Mtaalamu akija na mmea mpya bila kuuliza maharagwe yataenda wapi, mama yako atamsikiliza kwa heshima, atampa chai, na hatapanda.

Tano, ndilo kubwa: desmodiamu ni ya polepole. Msimu wa kwanza ni kijimmea dhaifu. Mbegu yake ni ndogo hata huichanganya na mchanga laini ili imwagike sawasawa, na ni ghali. Ukipalilia vibaya unaing'oa ukidhani ni gugu. Msimu huo haikulipi kitu. Kuanzia msimu wa pili ndipo inashika. Hapo hulimi tena shamba zima. Unaikata iwe fupi, unapanda mahindi katikati, unaendelea. Na ikishashika inaweza kukaa miaka, bila kununua mbegu tena.

Soma tena hiyo ya tano. Inakaa miaka. Hapo ndipo mimi niliumia.

"Ukiolewa utaibeba?"

Mwaka wa tatu wa kutuma pesa ya mbolea niliamua nitalima mwenyewe. Sina shamba. Nikamwendea mmoja wa wadogo zake baba, ambaye kipande chake kilikuwa kimelala tu. Nikamlipa kodi ya msimu, tukaelewana kwa mdomo kama watu wa nyumba moja. Nilienda ocha wikendi sita mfululizo, Ijumaa usiku kwenye matatu, Jumapili jioni kurudi kazini. Nilipanda mahindi, nikapanda desmodiamu, nikanunua vipandikizi vya nepia kwa jirani. Mama alinisaidia kupalilia. Ng'oa hiki, acha hiki, na mgongo unalia.

Mahindi ya msimu ule yalikuwa ya kawaida tu. Lakini nilipovuna, chini kulikuwa na zulia la kijani. Niliipiga picha, nikaiweka status. Nikajua mwaka ujao ndio wangu.

Januari, baba mdogo akasema amempa mtu mwingine kipande kile, apande viazi. Nilimwambia, "Baba, nimepanda kitu cha kudumu pale." Akacheka, si kwa ubaya. "Wewe ni msichana. Ukiolewa utaibeba?"

Kililimwa chote kwa siku moja. Ng'ombe wawili na plau.

Sisemi haya ili mumchukie. Ni mtu mzuri. Alinilipia mtihani wa darasa la nane. Na kwa mpango wetu alikuwa na haki: nilikodi msimu mmoja, msimu umeisha. Kosa lilikuwa langu kupanda mmea wa miaka kwenye ardhi ya miezi. Lakini hebu jiulize, mimi ningepanda nini kingine? Kijana anayekodi kwa msimu mmoja atapanda kinacholipa msimu huo huo. Atamwaga mbolea ya dukani kwa sababu inafanya kazi haraka. Hataweka chokaa, kwa sababu faida yake itavunwa na mwingine. Hatabeba samadi. Atakamua udongo aondoke. Halafu tunakaa kwenye mikutano tukisema vijana hawana subira, vijana hawapendi kilimo, vijana wanaharibu udongo.

Nani atakuwa na subira kwenye shamba lisilo lake?

Chai inatufundisha

Wazee wetu, nawaomba kwa heshima mfikirie hili. Katika nchi hii ya chai, kuna mtu aliwahi kupanda chai kwenye shamba la kukodi la msimu mmoja? Hayupo. Mnajua mche wa chai unataka miaka kadhaa kabla haujalipa vizuri, na ukishashika utawachumia nyinyi, watoto wenu na wajukuu. Kwa hivyo mliipanda pale mlipokuwa na uhakika. Uhakika ndio ulioleta chai. Mvua peke yake isingetosha.

Basi mnajua tayari. Udongo unaojengwa ni kama chai. Unataka mtu aliyehakikishiwa kwamba atakuwepo.

Na hali haingoji. Mei 2023 waandamanaji walichoma mashine za kuchuma chai kule Kericho. Unaweza kuwakemea, na mimi sishabikii moto, lakini ujumbe ulieleweka: mikono iliyokuwa ikichuma inaondolewa, na haijaambiwa iende wapi. Kampuni haitarudisha zile kazi zote. Baadhi ya mikono hiyo itabidi ipate kazi kwenye kipande cha nyuma ya nyumba. Lishe ya ng'ombe, maziwa, mahindi, mbegu ya desmodiamu yenyewe, kukata na kuuza vipandikizi: hizo ni kazi. Zote zinataka miaka, si miezi.

Ombi langu ni dogo. Si kugawa urithi leo. Sijaja kumzika mtu akiwa hai. Naomba kipande, hata robo ekari, kwa miaka mitano. Kwa karatasi, mashahidi, na kodi inayojulikana. Vuta-Sukuma haitaki shamba kubwa. Wataalamu wanashauri ploti isizidi mita 50 kwa 50, ili ule ukuta wa nepia usiwe mbali na mahindi. Kipande kile mnachosema ni kidogo mno hakifai kitu, sisi kinatutosha.

Na mpeni binti pia. Katiba ya 2010 haikumtenga. Nani hupalilia mahindi haya? Nani hukata majani ya ng'ombe jioni? Nani hutuma pesa ya mbolea Machi? Kama mkono wa msichana unafaa kutuma, unafaa kulima pia. Akiolewa, mkataba una tarehe ya mwisho. Desmodiamu haitakwenda naye. Itabaki ikilisha ng'ombe wenu.

Na sisi tujisemee

Vijana wenzangu, msishangilie bado. Na sisi tuna letu.

Tunapenda shamba kwenye simu. Tunataka kilimo cha picha moja: miche leo, mamilioni kesho. Tunakodi ekari tano kwa tikiti maji kwa sababu mtu fulani mtandaoni alisema, halafu tunarudi mjini kimya kimya. Mzee akikuangalia hivyo, kwa nini akupe miaka mitano? Ameona ukiacha mambo matatu katikati.

Kwa hivyo anza mahali huhitaji ruhusa kubwa. Mwezi Machi simu ikiita, usitume pesa yote ya mbolea. Tuma nyingine ya mbolea, kwa sababu udongo uliozoea haukatizwi ghafla, na iliyobaki ipeleke kwenye kupima udongo, chokaa na mbegu ya desmodiamu. Kama mbegu ni ghali, tafuta mkulima anayeipanda akukatie vipandikizi. Inashika hata hivyo. Panda mistari mitano, si shamba zima. Waite majirani waione msimu wa pili, si wa kwanza. Na uende mwenyewe upalilie angalau mara moja, ili mama asibaki na mradi wako mgongoni mwake.

Mimi nimeanza upya. Kabla plau haijaingia kwenye kile kipande, mama alikuwa ameng'oa mashina machache akayapanda kando ya ua wa Kogo, bila kuniambia. Nilipofika Pasaka nikayakuta yamepanda uani, yanatambaa kwenye waya. Kogo alikuwa akiyakatia ndama wake.

Baba mdogo naye aliyaona. Aliuliza kama vipandikizi vinauzwa. Nikamwambia yeye simuuzii, nitampa bure, kwa sharti moja: avipande kwenye kile kipande chake, na tuandikiane miaka mitano.

Bado anafikiria. Machi inakaribia, na mimi nangoja simu yake.